Kaburi la Mungwana

Bibi Mwamini amefariki. Habari imenifikia kwa simu, katika ujumbe mfupi wa mjukuu wake Hadija: "Bibi ametutoka juzi. Tumemlaza karibu na babu yake. Usije kwa ajili ya watu, njoo siku utakayoweza." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko unavyostahili. "Usije kwa ajili ya watu" maana yake nini? Ni upole, kwamba nisijisumbue kusafiri kwa desturi tu? Au ni onyo, kwamba wapo watu Kalemie ambao hawajanisahau? Ndivyo nilivyo. Hata salamu ya msiba naigeuza nione kilichoandikwa nyuma yake. Tabia hii niliisomea, nikaipatia diploma, na kwa mwaka mmoja niliitumia vibaya kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwaka huo nataka kuueleza kabla sijaanza kuutilia shaka nao.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka Lubumbashi na shahada ya historia, nikapata kazi Kalemie katika biro ya utalii: chumba kimoja, meza mbili, na ramani ya jimbo iliyoliwa na mende upande wote wa Moba. Shefu wangu, Papa Ildefonse, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya padri. Zamani alifanya kazi ya reli, na mpaka siku hizo aliitazama saa yake kama mtu anayengoja treni. Kazi yetu ilikuwa kuorodhesha kila kitu ambacho mgeni angeweza kukitazama kati ya Kabimba na Zongwe, kisha kukiandikia maneno machache kwenye kibao cha chuma, Kifaransa juu na Kiswahili chini. Vitu havikukosekana. Tulikuwa na mizinga ya vita vya Wazungu iliyoachwa kilimani, midomo yake ikitazama maji kana kwamba adui bado yuko njiani. Tulikuwa na stesheni, na nyumba za Wabeleji zenye baraza pana ambamo sasa familia nne nne zilianika nguo. Tulikuwa na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, maji yanayoonekana yamesimama na kumbe yanakwenda, na viboko wakipumua humo asubuhi. Kaskazini kulikuwa na miamba myeupe ya Kabimba, kusini fukwe ndogo ambazo mtu hufikia kwa mtumbwi tu. Siku anga inapokuwa safi baada ya mvua, unaiona milima ya Tanzania ng'ambo, ya buluu, karibu kiasi cha kukufanya umdharau anayekwambia ni mbali.

Sikubishana na maji wala milima. Nilibishana na hadithi. Katika wiki yangu ya pili mlinzi mmoja wa ufukweni alituonyesha pete nene ya chuma iliyopigiliwa kwenye mwamba. "Hapa njo walifunga batumwa," alisema kwa sauti ya chini, akimaanisha ndipo hapa hasa, kama mtu anayeonyesha kaburi la mama yake. Papa Ildefonse akavua kofia. Mimi nikatoa ufunguo wa chumba changu nikaanza kukwaruza kutu, na chini ya kutu yakatokea maandishi ya kiwanda, herufi safi za Kifaransa. Mlinzi akageuka kutazama ndege.

"Papa, ni pete ya kufungia bato," nikasema. "Ni ya siku za Wabeleji."

"Na watumwa walipanda nini? Si bato?"

"Lakini si pete hii."

"Mademoiselle, umeharibu site nzima ya utalii kwa ufunguo." Akavaa kofia yake. "Nikufundishe kitu ambacho hawafundishi Lubumbashi. Mutalii hapendi 'labda'. Ukimupatia 'labda', anarudi kulala hoteli. Ukimupatia 'njo hapa', analia, anapiga picha, anakupatia matabishi, pesa ya mkononi."

Tangu siku hiyo pale biro nikaitwa Mama Juu-ya-Nini, yaani Mama Kwa-Nini. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokubali. Nilijiona mtu pekee mjini anayejali tofauti ya kweli na uongo, na mtu anayejiona hivyo, nimejifunza tangu wakati huo, hana budi kutafuta uongo kila siku ili asikose kazi.

Chumba nilipanga kwa Bibi Mwamini, katika mtaa wa Waislamu karibu na ziwa, makao ya watu walioletwa huko na biashara za zamani. Kilikuwa chumba cha nje chenye kuta za buluu zilizobanduka, kitanda cha kamba, na dirisha dogo lililoingiza harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa lile, walioanikwa na kelele za kuku. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa pia ukuta wa jiko, kwa hiyo nililala kwa miezi kumi na moja nikiwa na moshi na maneno ya watu wengine masikioni. Bibi alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mwembamba, mnyoofu, na macho ambayo hayakuhitaji miwani kuona jiwe kwenye mchele. Hadija, mjukuu wake, alikuwa na ishirini na miwili. Alishona nguo kwenye mashine iliyowekwa barazani, na alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kigoma aitwaye Rashidi, fundi wa injini za maboti, ambaye alikuwa ameishi Kalemie msimu mzima akitengeneza mashine za watu na kuvunja, kwa maneno ya Bibi, mashine moja ya cherehani kila wiki ili apate sababu ya kurudi.

Siku ya kwanza, Bibi aliponiwekea sahani ya bukari, ugali wa huko, na samaki kuhe wa kukaanga, kulikuwa na watu wengi uani kuliko nilivyotegemea: watoto, shangazi, jirani mmoja aliyekuja kuomba kiberiti akabaki kula. Nikauliza kwa adabu, "Bibi, muko wangapi humu ndani?"

Hadija alitazama sahani yake.

"Watu hawahesabiwi humu," Bibi alisema. "Kula, samaki anapoa."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu jioni ile, nikayapigia mstari. Miiko mingine ya kutohesabu watu nilikuwa nimeisoma chuoni, lakini hii ilikuwa na ukali wa jambo lililotokea, si wa desturi iliyorithiwa. Hata chakula walikipika bila kuhesabu midomo: Bibi alitia unga mpaka mkono wake unaposema basi, na aliyekuja alikula. Nilianza kusikiliza. Nilisikiliza kama mtu anayefanya utafiti, au hivyo nilijiambia.

Makaburi ya Waislamu yalikuwa kwenye mteremko nyuma ya mtaa, ziwa likionekana chini, na kaburi moja lilikuwa tofauti na mengine. Lilijengwa kwa mawe, likapakwa chokaa upya kila mwaka kabla ya Ramadhani, na kichwani lilikuwa na bamba lenye mstari mmoja wa herufi za Kiarabu zilizochongwa na mkono usio wa fundi. Bibi ndiye aliyelipaka chokaa, yeye mwenyewe, akipiga magoti. Nilipomuuliza ni la nani alijibu, "La babu yangu, baba ya mama." Alikuwa nani? "Mungwana." Alifanya kazi gani? "Alikuwa mungwana," akarudia, akaichovya brashi.

Hapa inanibidi niseme kitu kuhusu neno hilo, kwa maana lilinikamata kama lilivyowakamata wengi wa kwetu. Shuleni, mwalimu alitufundisha kwamba Bangwana ndio waliokuja kutoka ng'ambo ya ziwa na bunduki, watu wa Waarabu, wakachoma vijiji na kuwafunga watu shingoni. Tuliandika hivyo kwenye daftari, tukaulizwa hivyo kwenye mtihani. Kwa hiyo Bibi aliposema "mungwana" mimi nilisikia ungamo. Nilimpelekea maalimu wa msikiti picha ya lile bamba. Alilisoma bila haraka: "Hapa amelala Juma bin Abdallah, mungwana."

"Yaani Mungwana wa ile biashara?" nikamuuliza.

Maalimu akanirudishia simu. "Mwanangu, uliniomba nisome. Nimesoma."

Nilitafsiri adabu yake kuwa woga. Halafu, mchana mmoja baada ya sala ya adhuhuri, nikiwa nimelala na homa kidogo, nilisikia ukuta wa jiko ukisema kila nilichokuwa ninangoja. Posa ilikuwa inakuja. Wazee wa Rashidi wangevuka ziwa baada ya mfungo.

"Wakiuliza habari ya babu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Hadija.

"Utasema alikuwa mungwana. Si uongo."

"Na wakiuliza zaidi?"

"Watu wenye adabu hawaulizi zaidi."

"Wakijua lakini, Bibi?"

"Wasijue. Na huyu wa chumba cha nje asijue vilevile. Huyu anauliza mpaka mbuzi."

Hadija alicheka. Mimi nilikaa kitandani, moyo ukidunda kwa furaha mbaya. Basi ndivyo. Familia nzima imekalia siri ya muuza watu, inakipaka chokaa kisa chake kila mwaka, inakula samaki juu yake. Nilikuwa nimekwaruza pete ya uongo. Sasa nilikuwa nimepata kitu cha kweli. Haikunijia hata mara moja kuwa nilikuwa nakula samaki huyo huyo.

Niliandika maneno ya kibao kwa siku mbili. Papa Ildefonse aliyasoma kwa sauti, akavua kofia kama alivyoivua mbele ya pete. "Sasa," alisema, "sasa umekuwa mutu wa utalii." Nilikasirika, kwa sababu nilidhani nimekuwa mtu wa ukweli. Shefu wa mtaa alitoa ruhusa bila kuuliza kitu, na fundi akakichomelea kibao kwenye nguzo mbili kando ya njia, hatua chache kutoka kaburini: KABURI YA MUNGWANA. HAPA ANALALA MUFANYABIASHARA MUKUBWA WA WATUMWA. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Sikumwambia Bibi. Nilijidanganya kuwa historia haihitaji ruhusa ya nyumba, na jioni nitamweleza kwa upole. Sikujua kuwa bato lililochelewa siku tatu kwa mawimbi lilikuwa limeingia bandarini alfajiri ile.

Niliporudi saa tisa nilikuta viatu vya wageni mlangoni. Mzee Shabani, baba mkubwa wa Rashidi, alikuwa amekaa barazani na kofia nyeupe iliyopigwa pasi kana kwamba hakuvuka maji yoyote, akinywa chai ya tangawizi na kumaliza sahani ya vitumbua. Alikuwa na furaha ya mtu aliyenunua mbuzi akakuta ana mimba.

"Mama yangu, mbona mlituficha?" alikuwa anamwambia Bibi. "Tumepita njiani, nikasoma kibao cha serikali, nikaambiwa ni kaburi la babu yako. Kumbe huku mna mtu mkubwa! Sisi tulidhani tunaoa kwa watu wa kawaida tu, wazuri, wacha Mungu. Kumbe ni watu wa daraja."

Bibi alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. "Kibao gani, Mzee Shabani?"

Akamwambia. Akakisoma kwa kichwa, neno kwa neno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama getini na vumbi la barabara miguuni. Akasema, "Karibu, mutoto wangu. Chakula chako kiko jikoni."

Aliinuka kwenda jikoni, nikamfuata. Alikaa kwenye kigoda, akavuta ungo wa mchele wa kesho, akaanza kuchambua. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kuhusu ukweli. Hakunipa nafasi ya kuitoa.

"Wewe umesoma," alisema. "Niambie. Mungwana ni nani?"

Nikamjibu kama nilivyomjibu mwalimu.

"Hapana. Mungwana ni muntu asiye mutumwa. Basi. Neno njo hilo, hata kabla ya shule yako." Alitupa jiwe dogo nje ya mlango. "Sasa fikiri kwa ile akili. Muntu aliyezaliwa huru, nani anamuandikia 'huru' pa kaburi?"

Na "bin Abdallah", nikakumbuka mwenyewe: mwana wa mja wa Mungu, jina wanalopewa wasio na baba anayejulikana. Niliyasoma hayo chuoni. Niliyafanyia mtihani.

Alinieleza akiwa anachambua, bila kupandisha sauti, kwa kuwa mgeni alikuwa upande wa pili wa ukuta. Babu yake alichukuliwa mtoto kwenye vilima vya Marungu, upande wa Kirungu, hakukumbuka vizuri ni kilima kipi. Yeye na wenzake waliletwa mpaka maji. Wakahesabiwa kabla ya kupanda chombo, wakahesabiwa ng'ambo, na hesabu ilipopungua wakahesabiwa tena, kana kwamba waliokosekana wangejificha nyuma ya waliobaki. Akakulia Ujiji katika nyumba ya mtu. Bwana wake alipougua alimwacha huru mbele ya mashahidi. Alivuka kurudi, akatembea Marungu miezi mingi akiuliza habari za mama ambaye jina lake alilijua kuwa Mama tu. Mwisho akashuka ziwani, akaoa, akawa mwashi wa chokaa. Bibi alimjua. Alikumbuka mikono yake iliyochomwa na chokaa, na jinsi alivyowafukuza watoto uani wakicheza mchezo wa kuhesabiana. Bamba lilikuwa la kwake mwenyewe. Alilichonga akiwa hai, asije mtu akamsahaulia lile neno la mwisho.

Nitasema nilichofanya, ingawa naona aibu kukiandika. Nilimuuliza, "Bibi, kuna karatasi inayothibitisha?"

"Karatasi umeipiga picha," alisema.

"Lakini kwa nini mlificha? Hakufanya kosa lolote!"

"Umekulia wapi wewe? Wanauliza. Ng'ambo wanauliza, na hapa wanauliza kwa sauti ndogo. Mjukuu wa mutumwa. Binti akigombana na wakwe siku moja juu ya chumvi, neno hilo linatoka." Alitikisa ungo. "Sasa wewe umetupatia ukubwa usio wetu. Na yeye umemupatia kazi ya wale waliomuuza."

Nikamwambia nitakwenda saa hiyo hiyo na fundi, kibao king'olewe. Akakataa. Mgeni amekwisha kukisoma. Kikiondoka leo atauliza kwa nini, na mtu anayeuliza kwa nini katika posa ni mtu anayerudi na mikono mitupu. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa anataka kwenda kumsomea babu fatiha. Utakuja nasi. Akikuuliza kitu, ufunge kinywa, ao useme uongo." Akanitazama karibu kwa huruma. "Unajua kudanganya?"

"Sijui, Bibi."

"Basi jifunze leo."

Ijumaa ile ziwa lilikuwa tulivu na jua lilikuwa kali juu ya chokaa. Hadija alibaki nyumbani, kama inavyompasa mwali. Mzee Shabani alisoma dua kwa sauti nzuri, na sisi wanawake wawili tulisimama pembeni, karibu na kibao, mimi nikikipa mgongo. Alipomaliza alijipangusa uso, akaja kwetu akitabasamu.

"Binti, nimeambiwa wewe ndiye msomi uliyeandika haya. Hebu tueleze zaidi. Alikuwa na misafara yake mwenyewe, huyu?"

Nilimtazama Bibi. Alikuwa anatazama maji.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Ya kwake mwenyewe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Manyema. Pembe na watu." Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilimwekea marehemu bunduki, nikamwekea nyumba ya ghorofa Ujiji, nikamwekea wapagazi waliomwogopa. Kila kitu kilikuwa cha kweli, ila hakikuwa chake. Nilikitoa kwenye vitabu na kukipanga juu ya mawe yale kama mtu anayepamba meza. Mzee Shabani alitikisa kichwa kwa heshima. Nadhani nilikuwa nafanya vizuri. Nadhani, na hili linanitisha zaidi, nilikuwa nafurahia.

"Na watu," aliuliza, "kwa safari moja alivusha wangapi?"

Mutalii hapendi labda. "Mia tatu," nikasema. "Walihesabiwa hapo chini, pwani."

"Muongo."

Bibi hakulisema kwa kelele. Mzee Shabani aligeuka akitafuta aliyelisema.

"Mama?"

"Huyu mutoto ni muongo, na mimi njo nilimufundisha jana. Aliyelala hapa hakuhesabu muntu. Alihesabiwa. Alikuwa mutumwa, Mzee Shabani, aliuzwa kama mbuzi, na mimi ni mjukuu wake, na Hadija ni kilembwe."

Kisha Mzee Shabani akafanya jambo la kiungwana, na nalisema neno hilo kwa kujua uzito wake. Alimpa Bibi njia ya kutokea. "Mama yangu amechoka na jua," alisema polepole. "Umri nao. Binti, mshike mkono, twende nyumbani akapumzike, na maneno ya jua tuyaache juani."

Ilikuwa nafasi pana kama mlango wa msikiti. Nilimshika mkono. Nilimfinya, hata, kumwomba apite.

"Sijachoka," Bibi alisema. "Akili yangu iko. Soma mwenyewe pale pa jiwe, Kiarabu unakijua."

Alikwenda akasoma. Alikaa pale akiwa ameinama muda mrefu kuliko maneno sita yanavyohitaji. Aliporudi aliweka kofia yake sawa. "Tumesikia," alisema, na njia yote hakusema tena mpaka tulipofika barazani, ambapo alikula kila kilichopikwa, akamshukuru mpishi, akaomba radhi kwamba bato la Jumatatu lisingemngoja. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu kwa mdomo wa mfanyabiashara wa vitenge: bahati haikuwepo. Sanduku la vitambaa vya posa walilolileta lilirudishwa kwa bato lililomleta mfanyabiashara huyo, likiwa limefungwa vizuri, kanga moja isipungue.

Papa Ildefonse alikataa kukiondoa kibao. "Mutalii gani atapanda kilima kuona mutumwa?" aliniuliza, na hakuwa anatania. Nilikipaka chokaa nzito mwenyewe, tabaka tatu, mchana, watu wakipita. Alinikemea, lakini hakunifukuza. Alikuwa na moyo mzuri kuliko kanuni zake. Haikusaidia sana. Maneno yangu yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye kijitabu cha wageni, kutoka hapo yakapanda mtandaoni, na leo hii, nilipopata ujumbe wa Hadija, nimeyatafuta kwa simu nikayakuta kwa lugha ambazo siandiki, yakiwa na kosa langu lile lile la tahajia. Mia tatu pia wamo. Sijui nani aliwapeleka. Nimeandika barua za kusahihisha, na waliojibu wanaomba uthibitisho.

Bibi hakunifukuza pia. Sahani yangu iliendelea kuja, samaki mzima, si mkia. Nilimshuku kwa hilo. Nilifikiri ananiadhibu kwa wema. Siku hizi nafikiri alikuwa ananilisha tu. Hadija ndiye aliyenyamaza. Alishona kutwa barazani, nikipita anainamia sindano, na kimya hicho kilidumu mpaka karibu na siku zangu za mwisho Kalemie, nilipomkuta jikoni akichagua ndagala, wazima huku, waliovunjika kule. Nilikaa upande wa pili wa ungo nikaanza kumsaidia. Hakunizuia.

"Rashidi alikuwa anajua," alisema baada ya muda, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo.

"Anajua nini?"

"Habari ya babu. Nilimuambia mwenyewe, mwaka mzima mbele ya posa. Alisema kwake si kitu, ila mzee asisikie, mzee ana kichwa cha zamani. Tungevuka, tungeoana, mzee angekufa siku yake. Ilikuwa imekwisha kupangwa, dada." Alimtupa mmoja aliyeoza kwa paka. "Bibi alisema kweli, sina neno naye. Lakini wote mlikwenda kule kilimani kuongea juu yangu, na mimi niko hapa natoa mawe kwenye mchele. Ulimuuliza maalimu. Ulimuuliza Bibi. Ulisikiliza ukutani, usifikiri hatukujua. Mimi nilikuwa pale barazani kila siku. Hukuniuliza."

Nilimuuliza basi, nikiwa nimechelewa kwa miezi mitano.

"Ulimutaka?"

"Nilimutaka sana," Hadija alisema, akanisogezea waliovunjika.